Mkono wa Pasi

Watu walimwita Bi Mkunjo, na jina lenyewe alijitafutia kwa mdomo wake. Mteja akileta suruali, yeye huitandaza mezani, akaikagua kama mama mkwe anavyomkagua bibi harusi, kisha akasema, "Suruali bila mkunjo ni gunia lenye miguu." Basi likamganda. Alikuwa dobi wa pasi ya mkaa tangu mwanawe ananyonya mpaka mwanawe ana ndevu na kazi yake huko mbali. Umeme ulipofika mtaani, wenzake wakanunua pasi za waya. Yeye alizishika dukani, akazipima mkononi, akazirudisha.

"Hii ni pasi au kijiko?" akamuuliza mwenye duka.

Ya kwake ilikuwa chuma kitupu, nzito, ina kijogoo cha shaba kwenye kifuniko. Na maji ya kunyunyizia nguo hakutumia chupa. Alijaza kinywa, akapuliza, pfuu, ukungu ukatua juu ya kitambaa sawasawa. Wateja wengine walijua, wengine hawakujua, na waliojua walinyamaza kwa sababu mashati yalisimama yenyewe.

Chumba chake kilikuwa kimoja, katika nyumba ya wapangaji yenye ukumbi mrefu katikati na milango huku na huku. Meza chini ya dirisha, kitanda nyuma ya pazia, na kamba ukutani ya kutundika nguo zilizokwisha. Jioni ukiingia mle utadhani kuna watu. Mashati yamepanga foleni, mabega yamekaa vizuri, shingo zimefungwa vifungo, ila hakuna kichwa, na hakuna anayesema neno.

Ugonjwa aliujua kwa sababu ya meza. Akipiga pasi kola huwa anaegemea ukingo kwa kifua ili apate nguvu, na ukingo ukaanza kumuuma titi la kulia. Mtu mwingine angejishika aone kuna nini. Bi Mkunjo alimwita seremala.

"Meza yako ina kosa gani, mama?" seremala akauliza. "Mbona imekaa miaka yote hii?"

"Imeota pembe. Nipunguzie hapa."

Seremala akapiga randa, akapokea ujira, akaenda zake. Meza ikawa laini kama shavu la mtoto, na titi likaendelea kuuma. Ndipo akajishika, akakuta uvimbe mgumu kama kokwa. Akaenda hospitali peke yake, akapimwa peke yake, na daktari alipomwambia ni saratani aliitikia, "Haya," kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa.

Wakalikata titi, wakatoa na tezi za kwapani. Majirani aliwaambia anakwenda kumuuguza dada yake. Dada mwenyewe alikuwa marehemu zamani, Mungu amsamehe Bi Mkunjo kwa kumsingizia mtu maradhi akiwa kaburini. Aliporudi, alikunja taulo dogo mikunjo midogo midogo, akalinyoosha, akalitia ndani ya gauni upande wa kulia. Ukimtazama hujui kitu. Mwanawe akipiga simu, jibu lilikuwa lile lile: "Mimi? Mimi ni chuma, mwanangu. Wewe jihurumie wewe."

Msimwone mjinga. Alikuwa na sababu. Katika nyumba ile ile alipata kuishi fundi cherehani mmoja, mwanamke mpole, akaugua ugonjwa huo huo. Hakuna aliyemfukuza, hakuna aliyemtukana. Ila kikombe chake kilianza kukaa peke yake dirishani, mbali na vikombe vya wengine. Watu walimsalimia kutoka mlangoni. Watoto waliitwa wanapomkaribia. Mpaka anaondoka hakuna mkono wa mtu uliokuwa umemgusa, isipokuwa wa muuguzi. Bi Mkunjo aliyaona hayo kwa macho yake, tena kikombe kile alikipita kila siku akienda kuchota maji. Akajiapia kwamba chake hakitakaa dirishani.

Sasa chumba cha jirani kikapata mpangaji mpya, mkandaji. Kazi yake ilikuwa kukanda wanawake waliojifungua, wapagazi wenye migongo, wazee wa magoti. Alikuwa na viganja vipana kama sahani, kwa hiyo mtaa ukamwita Mama Viganja. Mwanamke wa kelele yule. Akicheka, kijogoo cha pasi hutikisika kwenye kifuniko.

Siku ya kwanza alileta nguo zake mwenyewe zipigwe pasi. Alipomwona Bi Mkunjo akijinyoosha kwa shida, akaweka kapu chini.

"Dada, mgongo huo ni mgongo au ubao wa kufulia?"

"Mgongo wangu haujakuomba kitu."

"Mgongo hauombi, unalia. Geuka."

Na kabla Bi Mkunjo hajapata la kujibu, viganja viwili vya moto vilikuwa vimetua mabegani mwake, juu ya gauni. Alitaka kusema "Ondoa." Mabega yakashuka yenyewe. Tangu mumewe afe, nani alikuwa amemshika? Wateja walimpa nguo, walipokea nguo. Mwanawe alimpa sauti. Hospitalini walimshika, ndiyo, lakini kwa glovu, wanatafuta mshipa. Viganja hivi havikutafuta kitu. Macho yakamjaa, akasingizia moshi wa mkaa.

Wakapatana: yeye amnyooshee nguo, mwenzake amkande. Kila Mama Viganja alipomaliza kazi zake alikuja na kichupa chake cha mafuta, akakanda miguu, akakanda shingo, akakanda mgongo, huku anasengenya mtaa mzima. Bi Mkunjo alikubali yote ila moja tu.

"Gauni sivui."

"Utakufa na gauni lako, bibi harusi wewe."

"Nitakufa nalo limenyooshwa."

Aliposema tumbo linamchafuka, akasingizia vidonge vya mgongo, mwenzake alimchemshia tangawizi. Wakainywa wote, kila mmoja kikombe chake, na siku nyingine Mama Viganja alipokea kikombe cha Bi Mkunjo, akapiga funda moja kuonja kama imekolea, akamrudishia. Hakujua amefanya jambo kubwa. Bi Mkunjo alijua. Alikitazama kile kikombe, akanywa palepale alipokunywa mwenzake.

Huko hospitali, ule ulikuwa wakati wa dawa ya dripu. Wagonjwa hukaa kwenye viti vya kuegemea, kila mmoja na chupa yake juu, kila mmoja anatazama ukuta wake. Dawa ilimnyoa nywele, akajifunga kilemba ambacho hakikushuka. Ikamtia vidonda kinywani, akashindwa kupuliza maji, akanunua chupa ya kunyunyizia, akaichukia kama mke mwenza. Ncha za vidole zikafa ganzi, asiweze tena kupima moto wa pasi kwa kidole kilichotiwa mate.

Bibi mmoja kwenye foleni alimnong'oneza habari za mtu anayeuza unga wa mizizi. Ukiulamba, dripu unaitupa, eti.

"Umemwona mwenyewe?" Bi Mkunjo akauliza.

"Nimemwona. Mtu mzima, amevaa miwani."

"Unga unaponya saratani, macho yake umeyashindwa?"

Bibi akahamia benchi jingine. Lakini sista wa chumba cha dripu, binti mdogo mwenye sauti ya chini, alimuuliza swali lake kila mara kabla ya kumtoboa.

"Shikamoo, bibi. Kuna dawa nyingine unatumia? Za majani, za kunywa, za kujipaka? Unakandwa, unachuliwa?"

"Marahaba. Hakuna."

"Hata chai ya kitu fulani?"

"Mwanangu, mimi nakunywa maji."

Kwa nini alificha na huku? Kwa sababu alijua hospitali. Hospitali kazi yake ni kukataza. Wangekataza tangawizi, sawa, angeishi. Lakini wakikataza vile viganja, angebaki na nini? Angebaki na mashati ukutani. Kwa hiyo hospitali haikujua habari za mkandaji, na mkandaji hakujua habari za hospitali, na yeye katikati amekaa kama mtu mwenye waume wawili, anaomba wasikutane njiani.

Mkono ndio uliowakutanisha.

Mkono wa kulia, mkono wa pasi, ulianza kuwa mzito. Hospitalini walikuwa wamemwonya. Mkono wa upande uliotolewa tezi usibebe vitu vizito, usiungue, usibanwe. Akaitikia "Haya," akarudi nyumbani akainua pasi yake ya chuma. Angeinua kwa mkono gani? Jioni moja Mama Viganja akamkuta anausugua.

"Kumbe mkono! Mbona husemi? Huo umejaa uchovu wa pasi, dada. Uchovu ni kama maji kwenye nguo, lazima ukamuliwe. Tunausukuma toka begani, tunaushusha, tunautolea kwenye kucha."

Bi Mkunjo alisita. Akamtazama mwenzake anavyopandisha mikono ya gauni, uso umejaa furaha ya kazi. Akasema, "Ngoja." Tena yeye mwenyewe, kwa akili zake za dobi, akalowesha taulo, akalipitishia pasi mpaka likatoa mvuke, akalizungusha mkononi toka kwapa hadi kiwiko. Nguo ngumu hulainishwa kwa mvuke kwanza, nani asiyejua? Pale chini ya kwapa ngozi ilikuwa imekufa ganzi tangu upasuaji, hakusikia moto. Kisha Mama Viganja akakamua, kwa nguvu zake zote za kukandia wapagazi, toka begani mpaka kwenye kucha, tena na tena.

"Unasikia raha?"

"Nasikia."

Na kweli alisikia. Alilala vizuri. Asubuhi mkono ulikuwa umevimba kama mkate uliotiwa hamira nyingi, mwekundu, unang'aa, pete ya ndoa imezama kidoleni.

Sista alipouona hakumsalimia. Alimwita daktari. Wakamtazama, wakamwandikia dawa ya kuua vijidudu, wakaikata pete kwa mkasi wa kukatia chuma. Mtaalamu wa viungo akaufunga mkono bendeji toka vidoleni kwenda juu. Daktari alipoondoka, sista akavuta kigoda.

"Bibi, nani alishika mkono huu?"

"Nimeulalia."

"Umeulalia ukaungua kwapani?"

Bi Mkunjo akatazama ukuta wake.

"Mimi sikukatazi kukandwa," sista akasema. "Wako humu wanaokandwa, wakakandwa vizuri, wakalala usingizi. Wako wanaokunywa tangawizi na daktari anajua. Wako wanaofundishwa kuvuta pumzi, kichefuchefu kikapungua. Havitibu saratani, dawa yako ni hii hapa juu, lakini vinakubebea mzigo. Ninachotaka ni kujua. Mtu anayekukanda, anajua una nini?"

Bi Mkunjo akavuta ncha ya bendeji.

"Bibi?"

"Anajua nina mgongo."

Sista akashusha pumzi. "Basi amekanda mgonjwa mwingine, si wewe. Mwambie. Akikubali, mlete hapa nimwonyeshe pa kugusa."

Akikubali. Neno hilo alirudi nalo nyumbani kama punje ya mchanga ndani ya kiatu.

Siku zile alifunga mlango. Mama Viganja akagonga, akajibiwa, "Nina kazi." Akagonga tena, "Nimelala." Mara ya tatu hakubisha hodi ya heshima.

"Wewe mwanamke! Nimekukosea nini? Kama sabuni yako nimeitumia, si uniseme!"

Bi Mkunjo akafungua. Akafunga mlango nyuma ya mwenzake, akafanya kile alichoapa hatafanya. Akavua kilemba. Akafungua vifungo vya gauni, akatoa taulo lililokunjwa, akaliweka mezani. Akasimama pale na kichwa chake kama yai, na kovu lake, na mkono wake uliofungwa bendeji.

"Si mgongo," akasema.

Mama Viganja alitazama. Kisha akaitazama mikono yake mwenyewe, huku na huku, kama imemwagikiwa na kitu. Akachukua kichupa chake cha mafuta alichokuwa amekiacha juu ya kabati tangu jioni ile, akatoka. Mlango wake ukasikika unafungwa polepole, na hilo lilikuwa baya zaidi. Angeubamiza, Bi Mkunjo angejua amekasirika, na hasira huisha.

Basi. Limetokea, akajisemea. Kikombe kiko dirishani.

Akavaa, akarudi kwenye meza. Mkono wa kulia ulikuwa haufai, akanyoosha kwa wa kushoto, akanunua ile pasi ya waya aliyoiita kijiko, kwa sababu kijiko ndicho alichoweza kuinua. Mkunjo ukaenda upande kama njia ya mlevi. Mteja mmoja aliitazama suruali yake, akataka kusema, akaona uso wa Bi Mkunjo, akalipa. Nguo zikapungua. Nyumba nayo ilikuwa kimya ajabu. Ng'ambo ya ukuta hakuna kicheko, hakuna wapagazi wanaopiga kelele "Aah, mama, pole pole!" Alikwenda kwenye dripu, akarudi. Alichemsha tangawizi mwenyewe, akaweka vikombe viwili kwa mazoea, akakirudisha kimoja. Alijaribu kujikanda mguu kwa mkono wa kushoto. Lakini mtu hawezi kujikanda mwenyewe, kama asivyoweza kujitekenya.

Kwenye kapu zilikuwa zimebaki nguo za Mama Viganja. Akazinyoosha, magauni mawili na shuka, akarudia mara kadhaa mpaka zikanyooka, akazikunja. Furushi hilo la nguo likakaa mezani. Nguo za watu hazikai, hiyo ndiyo sheria ya dobi. Lakini kuzipeleka ni kugonga mlango, na kugonga mlango ni kuomba, na yeye hakuwahi kumwomba mtu. Alikuwa amemzika mume bila kuomba. Alikuwa amelea bila kuomba. Hata Mungu alikuwa akimweleza tu, hamwombi.

Ila siku ya dripu ilikaribia tena, na akaona hawezi. Si dawa aliyoishindwa. Ni kile kiti.

Akabeba nguo. Akagonga.

Mama Viganja alifungua amevaa gauni lililokunjamana, macho mekundu. Ndani hakukuwa na harufu ya mafuta.

"Nguo zako," Bi Mkunjo akasema.

"Weka hapo."

Hakuweka. "Saratani haiambukizi," akasema kwa ukali, kama anayegombea nafasi kwenye foleni. "Hata ukinywea kikombe. Uliza popote."

"Nani kakwambia naogopa kuambukizwa?" Sauti ya Mama Viganja ikapanda. "Unanijua mimi, wewe? Nimekanda watu wenye vidonda, nimekanda watu wanakata roho! Naogopa hii!" Akainua viganja vyake. "Umekaa kimya ukaniacha nikuumize. Nimekukamua mtu mgonjwa kama nakamua tambara, na wewe unaniambia unasikia raha! Tangu siku ile sijamshika mtu. Wapagazi nimewafukuza. Nikimgusa mtu naona mkono wako ulivyovimba. Hii mikono ndiyo sahani yangu, Bi Mkunjo. Umeivunja, ukafunga mlango."

Bi Mkunjo akasimama na nguo zake. Jambo hilo hakulifikiria hata kidogo. Alifikiria kikombe chake tu, na mashati yake tu. Hakujua kwamba ng'ambo ya ukuta nako kulikuwa na mtu amekaa peke yake.

"Nilijua ukijua hutanigusa," akasema.

"Na sikukugusa. Umefaidi nini?"

Bi Mkunjo akaangalia chini, akaona nyuzi za zulia, akaona vidole vyake vya miguu. Akasema neno ambalo mdomo wake ulilitamka vibaya kwa kukosa mazoea.

"Naomba uje na mimi hospitali."

"Kufanya nini?"

"Kuna mtoto huko ana adabu. Atakuonyesha pa kugusa. Kama papo. Kama hapapo, basi ukae tu."

Mama Viganja akazipokea zile nguo. Akakunjua gauni moja, akalitazama. "Mkunjo umekwenda kombo," akasema.

"Najua. Usinivuruge."

Chumba cha dripu kilikuwa kama siku zote, kila mtu na ukuta wake. Sista akaosha mikono pamoja na Mama Viganja, akamweleza. Mkono ule usiukande kabisa, una mtu wake, yule wa bendeji. Palipokatwa usipaguse. Anywe tangawizi kidogo, daktari ameshaambiwa. Miguu, ruhusa. Shingo, ruhusa. Lakini kwa uzito wa mkono tu, bila nguvu. Mama Viganja, ambaye wapagazi humlilia, akakaa kwenye kigoda, akashika mguu wa Bi Mkunjo, akaupitishia kiganja kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

Bi Mkunjo akasubiri, akasubiri.

"Hiyo ni kukanda," akauliza, "au unafuta vumbi?"

Yule bibi wa unga wa mizizi, kiti cha tatu, akacheka mpaka chupa yake ikayumba. Mama Viganja naye akacheka, kidogo, si kile kicheko cha kutikisa vyuma. Kisha akainamisha kichwa, akaendelea. Machozi yake yalidondokea mguuni, akayachanganya na mafuta. Ganzi ilikuwa imeshachukua vidole vya miguu, kwa hiyo pale mbele hakusikia. Alisikia kisigino tu. Akakaza akili yote kwenye kisigino.

Jioni walirudi pamoja mpaka ukumbini. Mama Viganja akasema amechoka, labda kesho atajaribu mpagazi mmoja, yule mwembamba. Akaingia kwake. Bi Mkunjo akaingia kwake. Mashati yalikuwa pale pale, yamepanga foleni. Simu ikalia, alikuwa mwanawe, akamwambia yeye ni chuma. Kumwambia kweli lilikuwa shati jingine, la kunyooshwa siku nyingine.

Ana desturi tangu usichana: halali bila kunawa miguu. Shuka zake ni nyeupe, amezinyoosha mwenyewe pande zote mbili, na hajapata kuzitia doa. Akajaza maji kwenye beseni. Akakaa ukingoni mwa kitanda, miguu yake bado inang'aa mafuta ya Mama Viganja, kisigino bado kina joto kidogo, au alijiambia kina joto.

Akalisukuma beseni chini ya kitanda, akapandisha miguu kwenye shuka nyeupe kama ilivyo, akajifunika.